Mwongozo wa Mvivu Mwenye Kipilipili

Umeamua kurudi kwenye nywele zako za asili. Hongera. Sasa sogea karibu nikunong'oneze jambo ambalo wauza vipodozi wa Kariakoo hawatakuambia: nywele za kipilipili hazimtaki mtu wa bidii. Mwenye bidii ndiye anayezimaliza. Anachana asubuhi, anachana jioni, anabana, anafumua, anapaka, anaosha, anapuliza draya, kisha anasimama mbele ya kioo akilalamika kwamba hazikui. Mvivu kazisokota, kafunga kitambaa, kalala. Mwisho wa mwaka mvivu ndiye anayesimamishwa barabarani na kuulizwa anapaka nini.

Basi huu ni mwongozo wa njia za mkato. Nitakufundisha kukwepa kazi, kudanganya kidogo inapobidi, na kupokea sifa ambazo hukuzitolea jasho. Najua unataka kupendeza na unataka watu waone. Sote tunataka. Tuanzie hapo.

Hatua ya kwanza: elewa kwa nini uvivu unalipa

Unywele wa singa umenyooka, kwa hiyo mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa huteremka mpaka nchani bila shida. Wa kwako umeota kwenye tundu lililopinda, nao ni bapa kuliko kuwa wa duara, hivyo unajikunja tangu unapochomoza. Mafuta yakishuka humo ni kama lori linaloshuka mlima Kitonga: kona, breki, kona, breki, na mengi hayafiki chini. Ndiyo sababu utosi unaweza kung'aa huku ncha zimekauka. Na kila kona ni sehemu dhaifu. Chanuo likipita kwa nguvu, unywele unakatikia hapo.

Sasa hesabu ndogo. Mwaka 2001 watafiti nchini Ufaransa walichapisha vipimo vya nywele za vijana wenye asili ya Afrika na kukuta zinakua kwa wastani wa maikromita 256 kwa siku. Za Wazungu zilikuwa 396. Kwa mwezi hiyo ni kama milimita 8, na kwa mwaka kama sentimita 9. Hizo sentimita 9 unazipata utake usitake, ukipaka mafuta ya bei mbaya au ukipaka maji ya bomba. Anayesema nywele zake zimedumaa, mara nyingi zinaota vizuri kabisa, ila zinakatika nchani kwa kasi ileile zinayoota shinani. Kazi yako yote ni kuzuia zisikatike, na dawa ya kwanza ya hilo ni kuondoa mikono kichwani.

Hatua ya pili: achana na dawa bila kujitia ushujaa

Dawa ya kulainisha hufanya kazi kwa kuvunja viunganishi vya salfa vinavyoupa unywele mkunjo wake. Zile kali zina kostiki soda, ileile wanayotengenezea sabuni ya mche. Zile zinazojinadi kwenye boksi kwamba hazina kostiki hutumia alkali nyingine, nazo zinavunja vilevile na zina tabia ya kuacha nywele kavu zaidi. Unywele ukishavunjwa hivyo haurudi ulivyokuwa. Unachoweza kufanya ni kungoja mwingine uote.

Kuna sababu nyingine ya kuondoka kwenye foleni ya kuretachi. Oktoba 2022, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Kwa ambao hawakuwa wakitumia vilainisha nywele, makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64. Kwa waliotumia zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja, yalikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo. Kwangu mimi, hata hivyo, unatosha kabisa kumwambia mtu ninayempenda: acha.

Njia ya mkato ya kuacha ni kwenda kwa kinyozi. Dakika kumi, umemaliza. Najua unachoogopa: umbo la kichwa chako. Unadhani kisogo chako kina siri ambayo mji mzima utaigundua. Hakina. Vaa hereni kubwa, paka wanja, tembea ukiwa umeinua kidevu, na ndani ya wiki moja watu watakuwa wanakuambia una shingo nzuri. Hiyo shingo ulikuwa nayo siku zote.

Kama kinyozi anakutisha, danganya taratibu. Suka nywele zako mwenyewe, na kila unapofumua kata vidole viwili vya ncha zenye dawa. Ukiulizwa, sema unapunguza ncha. Baada ya mwaka na ushei ncha zote zenye dawa zimeondoka na hakuna aliyekuona ukinyoa. Ila uwe mwangalifu na pale ambapo unywele mpya unakutana na ule wa dawa. Hapo ndipo dhaifu kuliko pote. Usipitishe kitana pale. Tumia vidole.

Hatua ya tatu: usitafute namba yako

Utaambiwa kwamba lazima ujue wewe ni 4A, 4B au 4C kabla ya kununua chochote. Namba hizo zilianzishwa miaka ya 1990 na Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, na hiyo C iliongezwa baadaye na wenye nywele wenyewe. Zinafaa kwa mazungumzo. Kichwa chako lakini kina nywele za aina mbili tatu: kisogoni zimejikunja sana, panjani laini, utosini za tatu. Ukikesha unatafuta namba utaishia kununua makopo matatu kwa kichwa kimoja.

Wala usitumbukize unywele kwenye glasi ya maji kuona kama utazama, eti unapima zinavyonyonya maji. Jaribio hilo linaharibiwa na tone dogo tu la mafuta. Fanya hivi: osha, kisha angalia saa. Zikikauka upesi sana, zinanyonya maji na kuyatema, kwa hiyo utazifunga kwa kitu kizito. Zikikaa na maji nusu siku, ni ngumu kulowa, kwa hiyo utatumia vitu vyepesi, na maji ya uvuguvugu. Basi. Umehitimu.

Hatua ya nne: osha ukiwa hujafumua

Siku ya kuosha ndiyo inayowarudisha watu kwenye dawa. Wanakaa bafuni saa tatu, mikono inauma, sakafu imejaa nywele, wanalia. Wewe hutafika huko.

Jioni ya kabla ya kuosha, gawa nywele mafungu manne au sita. Chukua mafuta ya nazi, yale ya kawaida ya kupikia yanafaa sana, paka kila fungu, kisha sokota misokoto minene na ulale. Hii haitokani na imani za bibi peke yake, ingawa bibi aliijua kabla ya wote. Mwaka 2003 wanakemia wawili wa Kihindi, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yanayotokana na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayopotea nywele zinapooshwa na kuchanwa, kwa sababu yanapenya ndani ya unywele wakati mengine yanabaki juu.

Asubuhi osha misokoto ikiwa imesokotwa vilevile. Shampuu iende kwenye ngozi ya kichwa tu, kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Povu litakaloteremka litatosha kusafisha nywele zenyewe. Suuza. Paka kondishena. Ndipo fumua msokoto mmoja, uutenganishe kwa vidole kuanzia nchani kwenda shinani, usokote tena, uhamie wa pili. Hakuna wakati ambao kichwa chote kimefumuliwa, kwa hiyo hakuna wakati ambao kichwa chote kinajifunga mafundo. Kazi ya saa tatu imekuwa ya saa moja, na robo ya saa hiyo umekaa tu ukisubiri kondishena iingie.

Huna kondishena? Ukanda wa pwani una jibu lake: uwatu. Loweka vijiko viwili usiku kucha, chuja asubuhi, na utapata maji yanayovutika yanayofanya nywele ziteleze. Harufu yake itakufuata kidogo. Ongeza karafuu, au ivumilie.

Kuhusu maji, niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu watu wanalaumu nywele zao kwa kosa la kisima. Sehemu nyingi za Dar es Salaam wanaoga maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni haitoi povu, na nywele zikikauka zinakuwa ngumu hata ungezipaka nini. Usibadili mafuta. Badili maji ya mwisho. Kinga mvua kwenye ndoo safi, au nunua dumu moja la maji yasiyo na chumvi, na ulitumie kwa kusuuza mara ya mwisho tu. Vikikosekana vyote, weka vijiko viwili vya siki kwenye lita moja ya maji, mwagia, subiri kidogo, suuza. Utahisi tofauti hapohapo vidoleni.

Kausha kwa fulana kuukuu. Taulo lina nyuzi zinazokwaruza. Na uoshe kila baada ya wiki moja au mbili, si kila siku, hata kama joto linakushawishi. Ukitoka jasho sana, mwagia maji matupu kichwani na uendelee na maisha.

Hatua ya tano: mafuta si chakula

Watu wanapaka mafuta kwenye nywele kavu na kushangaa kwamba bado ni kavu, safari hii zikiwa na mng'ao. Kinacholainisha ni maji. Mafuta kazi yake ni kuyafungia ndani yasiondoke. Kwa hiyo mpangilio ni huu: maji, kisha kitu cha krimu kama unacho, kisha mafuta juu. Ukigeuza mpangilio, umefungia ukavu.

Chukua chupa ya kupulizia, weka maji, kijiko cha kondishena na matone machache ya gliserini. Puliza asubuhi, bonyeza kwa viganja, ondoka. Ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja, gliserini ni rafiki yako, maana inavuta unyevu wa hewa na hewa yenyewe imelowa. Ukihamia Dodoma wakati wa kiangazi, ipunguze sana, kwa sababu ikikosa unyevu hewani itauvuta kutoka kwenye nywele zako.

Mafuta ya nyonyo ni mazito na yanafunga vizuri. Mafuta ya mgando yana jina baya siku hizi, na wanaoyadharau wanayaonea: hayaongezi unyevu, lakini kwenye ncha zilizokwisha kulowa yanafunga kuliko kopo la elfu arobaini. Paka kidogo, nchani tu.

Na ukienda dukani, usisome mbele ya kopo. Mbele kuna picha ya msichana ambaye nywele zake hazikutengenezwa na kopo hilo. Geuza nyuma. Vitu vinaandikwa kwa kufuata wingi, kile kingi zaidi kikitangulia. Kama ni cha kulainisha na maji hayapo mwanzoni mwa orodha, rudisha rafuni. Wakikuambia kina parachichi, tafuta parachichi liko nafasi ya ngapi. Likiwa la mwisho kabisa, baada ya manukato, nunua parachichi genge la pili ule na chumvi.

Hatua ya sita: lala kwa hila

Nywele nyingine hazikatiki kwa chanuo. Zinakatika kwenye mto wa kulalia, usiku, unapogeuka. Foronya ya pamba inakwaruza na inanyonya maji uliyohangaika kuyaweka. Kanga uliyojifunga kichwani inafanya hivyohivyo, ingawa imekupendeza.

Unataka satini, na hutaki kutoa pesa. Nenda kwa fundi cherehani wako msimu wa harusi. Chini ya meza yake kuna vipande vya satini na bitana vilivyobaki kwenye magauni ya wasimamizi. Muombe. Akushonee kofia ya kulalia kwa pesa ya soda, au akutilie bitana ndani ya kilemba chako cha kila siku. Hilo la pili ndilo bora zaidi: kwa nje umevaa kilemba cha kitenge, una heshima zako sokoni, kumbe kwa ndani nywele zinapumzika. Hii ndiyo hila ninayoipenda kuliko zote katika mwongozo huu, na ningekuwa na uwezo ningempa kila mwanamke kilemba kimoja cha namna hiyo.

Wanaume wenye afro na dredi, kofia ya kulalia inawahusu. Hakuna atakayewaona.

Hatua ya saba: mpate msusi asiyevuta

Kusuka ndiko kupumzisha nywele, mradi umsimamie msusi. Mvutano unaoendelea kwa miaka unaua mashina ya nywele, na yakishageuka kovu hayaoti tena. Panja zinaanza, kisha paji linasogea nyuma. Umewaona akina mama wanaoficha paji kwa kilemba maisha yao yote. Wengi wao walisukwa rasta nyembamba za kubana, wakapongezwa kwa uvumilivu.

Kwa hiyo ukikaa kibarazani, usijifanye jasiri. Ikiuma, sema. Kama umeinuka na huwezi kukunja uso, zimebana. Ukilazimika kunywa panadoli ili ulale, zimebana sana, na unatakiwa ufumue za mbele usiku huohuo hata kama umelipa.

Tatizo ni kwamba msusi anaamini kubana ndiyo ufundi. Ukimwambia "usivute", anasikia "sina uzoefu". Danganya hivi: mwambie daktari wa ngozi amekukataza. Msusi anayebishana na mteja hawezi kubishana na daktari asiyekuwepo. Ataachia. Akishaachia na ukapendeza, msifie mbele ya wateja wengine kwa sauti kubwa: "Huyu mkono wake mwepesi!" Kuanzia siku hiyo atakuwa na sifa ya kulinda, na hutahitaji daktari tena.

Chagua mitindo isiyotaka makuu. Twende kilioni ni mtindo wa watu wenye haraka, na ndio maana ni mzuri: mistari michache, nywele zako mwenyewe, hakuna uzito wa kuning'inia. Mabutu ni mazuri. Yeboyebo ni nzuri ikiwa msusi hakujaza rasta nyingi kwenye shina jembamba. Kaa nazo wiki nne, sita zikizidi. Najua umelipia na unataka zitimize miezi mitatu, lakini nywele zilizonyonyoka zenyewe, ambazo kwa kawaida ni kati ya 50 na 100 kwa siku, zimenaswa humo ndani pamoja na vumbi, na ukichelewa zitajisokota ziwe fundo ambalo mkasi tu ndio utalifungua. Siku ya kufumua usiogope lundo utakaloliona. Ni la mwezi mzima.

Hatua ya nane: ongeza urefu kwa ulaghai

Nywele za kipilipili zikikauka hujirudi, nyingine zikabaki robo ya urefu wake. Una nywele za kufika begani na hakuna anayejua. Hili linaumiza, na sitakuambia eti usijali.

Dawa yake ni uzi. Ule uzi mweusi ambao bibi alitumia. Nywele zikiwa na unyevu kidogo, viringisha uzi kuanzia shinani hadi nchani kwa kila fungu, lala nazo, asubuhi fumua. Zimenyooka bila moto wowote. Nakuhakikishia hakuna pasi ya nywele inayofanya hivyo bila madhara, hasa ikipitishwa kwenye nywele mbichi, maana maji yaliyo ndani ya unywele huchemka na kuupasua.

Kama una picha ya kupigwa harusini Jumamosi, soma kalenda kwanza. Sokota misokoto Jumatano, ifumue Ijumaa, Jumamosi nywele ziwe zimetulia na kujaa. Ukifumua asubuhi ya harusi zitakuwa zimejipanga mno na kila mtu ataona mistari. Na utakapofumua, paka mafuta vidoleni, fumua kila msokoto taratibu, kisha ukae mbali na kioo. Kila mguso unaongeza timtim.

Wigi nalo ni halali. Lina faida kubwa kwa mvivu: chini yake nywele zimesukwa twende kilioni zikipumzika, juu yake wewe ni mtu mwingine. Lakini lisigusane na panja, usiligundishe kwa gundi, na lala bila hilo. Ukumbuke pia kwamba si rahisi kama zamani: katika bajeti ya Juni 2019 waziri wa fedha wa wakati huo, Philip Mpango, alitangaza ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia kutoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Za kwako zinaota bila ushuru.

Hatua ya tisa: wanyamazishe ndugu na mabosi

Utafika kwenye sherehe ya familia na shangazi atakutazama kuanzia utosini. "Mwanangu, kichwa hicho vipi? Unaumwa?" Usimpe hotuba kuhusu uzuri wa Mwafrika. Atakushinda, ana umri na ana sauti. Fanya hivi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kichwa hicho vipi?"

"Shangazi, nilikuwa nakutafuta wewe. Hivi bibi alikuwa anasukaje ule uzi? Mimi kila nikijaribu unalegea."

Tazama uso wake. Mtu aliyekuja kukukosoa amegeuka mwalimu. Kabla ya chai ataagiza uzi dukani, atakukalisha chini katikati ya magoti yake, na atakuwa anawaambia wengine kwamba nywele hizi umezirithi kwake. Mwache azidai. Kwanza ni kweli.

Kwa bosi hakuna mbinu laini namna hiyo. Akikuambia nywele zako si za kiofisi, muombe akuonyeshe kanuni iliyoandikwa. Mara nyingi haipo. Ikiwepo, fahamu kwamba kanuni kama hizo zimeanguka kwingine mbele ya watu wadogo kuliko wewe. Agosti 2016, Zulaikha Patel, msichana wa miaka 13, alisimama na wenzake katika Shule ya Upili ya Wasichana ya Pretoria kupinga kanuni zilizowabana kwa nywele zao za asili, na mamlaka za elimu za jimbo la Gauteng zikaagiza kifungu hicho kisimamishwe. Nchini Kenya, Septemba 2019, Mahakama Kuu iliamua kwamba shule ilikosea kumzuia msichana wa Kirastafari kwa sababu ya dredi zake. Mwaka huohuo California ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa nywele kazini na shuleni. Wale wasichana wa Pretoria walisimama wakiwa na sare zao. Wewe una kitambulisho cha kazi na mkataba. Uliza kwa upole, kwa maandishi, na weka nakala.

Hatua ya kumi: hapa usidanganye

Njia zote za mkato nimekupa. Kwa mtoto hakuna.

Usimwekee mtoto dawa ili upate asubuhi rahisi. Usimwambie nywele zake ni mbaya, ngumu, za kisirani, hata kwa utani wakati kitana kimekwama, maana anasikia na anakumbuka. Kaa naye, lowesha nywele, anza nchani, mpigie hadithi. Akilia, simama.

Na kama una binti anayesubiri mtihani wa kidato cha nne, nisikilize vizuri. Katika shule nyingi za Tanzania msichana hunyolewa tangu darasa la kwanza. Anafika miaka kumi na saba hajawahi kuzishika nywele zake zikiwa ndefu, hajui zinaoshwaje, hajui zinataka nini. Novemba anamaliza mtihani, na mwezi unaofuata yuko saluni anawekewa dawa, kwa sababu ndicho kitu pekee alichowahi kuona wakubwa wakifanya. Hakuchagua. Hakuna aliyemfundisha.

Mfundishe wewe, kabla ya Novemba. Mnunulie chupa ya kupulizia na kipande cha satini, mwonyeshe mafuta ya nazi yanapakwaje, na siku akirudi nyumbani na begi lake, mkalishe kibarazani umsuke mwenyewe, au umpeleke kwa yule msusi mwenye mkono mwepesi. Akitaka dawa baada ya hapo, atakuwa anajua anachokiacha.